Dikembe Mutombo: Mwanavikapu aliyejenga hospitali kwa jina la mamake

KATIKA mpira wa vikapu, sifa nyingi humwendea mfungaji. Ndiye hushangiliwa, ndiye huandikwa magazetini, na ndiye hulipwa fedha nyingi zaidi. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo (DRC) aliyeaga dunia Septemba 30, 2024 akiwa na umri wa miaka 58, alijenga jina lake kwa kazi iliyo kinyume cha hiyo. Kwa misimu 18 katika Ligi ya Taifa ya Mpira wa Vikapu nchini Marekani (NBA), kazi yake kuu ilikuwa kuwazuia wengine wasifunge.

Alipostaafu mwaka 2009 alikuwa amezuia mitupo 3,289. Ni mchezaji mmoja tu katika kumbukumbu rasmi za ligi hiyo aliyemzidi, naye ni Mwafrika mwenzake, Hakeem Olajuwon mzaliwa wa Nigeria, aliyezuia 3,830. Hata hivyo, jijini Kinshasa wako watu wengi wasiowahi kutazama hata mechi moja ya NBA ambao wanalijua jina la Mutombo kwa sababu nyingine. Wanalijua kwa kuwa limeandikwa kwenye lango la hospitali.

Mwana wa mwalimu

Mutombo alizaliwa Juni 25, 1966 katika mji mkuu wa Congo, mwaka ule ule ambao jina la kikoloni la mji huo, Leopoldville, lilifutwa na ukaitwa Kinshasa. Jina lake kamili lilikuwa refu kama kimo chake: Dikembe Mutombo Mpolondo Mukamba Jean-Jacques Wamutombo. Familia yake ilikuwa ya kabila la Waluba, ambao asili yao ni eneo la Kasai. Babake, Samuel Mutombo, alifanya kazi katika sekta ya elimu, na mamake, Biamba Marie, aliilea familia kubwa yenye watoto wengi.

Katika nyumba hiyo masomo yalitangulia mambo yote. Kijana huyo alisomea Boboto, shule ya mapadri Wajesuiti jijini Kinshasa, na ndoto yake ilikuwa kuwa daktari. Michezo aliyoipenda awali ilikuwa kandanda, ambapo alikuwa kipa, na mapigano ya ana kwa ana ya mtindo wa Asia. Mpira wa vikapu haukumvutia. Alipofika umri wa miaka 16, kimo chake kilikuwa kimeanza kuwashangaza watu mtaani, na babake pamoja na kakake ndio waliomsukuma aingie uwanjani.

Hilo ni jambo la kuzingatiwa, kwa maana wachezaji wengi wa NBA hushika mpira wakiwa watoto wadogo. Mutombo aliuanza akiwa kijana mkubwa. Alichokuja nacho kutoka golini ni jicho la kuukadiria mpira ukiwa hewani na mikono iliyozoea kuufuata.

Daktari aliyegeuzwa njia

Mwaka 1987 aliwasili Marekani. Hakupelekwa na klabu wala wakala wa michezo. Alikwenda kwa ufadhili wa masomo uliotolewa na Shirika la Misaada la Marekani (USAID), akajiunga na Chuo Kikuu cha Georgetown jijini Washington kwa nia ya kusomea udaktari. Kiingereza chake kilikuwa kidogo mno. Alizijua Kiluba, Kilingala na Kifaransa, na ilimbidi aanze kujifunza lugha ya masomo karibu kutoka mwanzo.

Chuoni humo alikuwapo John Thompson, mmoja wa makocha walioheshimiwa mno nchini Marekani. Thompson mwenyewe aliwahi kuwa senta wa akiba wa Boston Celtics nyuma ya Bill Russell, mlinzi ambaye wengi humhesabu kuwa bora zaidi katika historia ya mchezo huo. Mtu wa aina hiyo hangeweza kumpita mwanafunzi mwenye kimo cha mita 2.18 bila kumtupia jicho. Alimwita kwenye timu katika mwaka wake wa pili wa masomo.

Huko Mutombo alicheza bega kwa bega na Alonzo Mourning, naye baadaye akawa nyota wa NBA. Wawili hao waliwatisha wapinzani kiasi kwamba mashabiki waliokaa nyuma ya goli waliibatiza sehemu yao ya jukwaa 'Safu ya Kukataa'. Katika mechi moja dhidi ya St. John's mwaka 1989, Mutombo alizuia mitupo 12, rekodi ya chuo hicho.

Ratiba ya mazoezi na safari ilimfanya aliache lengo la udaktari. Hata hivyo hakuacha masomo. Alihitimu mwaka 1991 akiwa na shahada ya isimu na diplomasia, baada ya kupata pia mafunzo ya kazi katika ofisi ya mbunge wa Marekani na katika Benki ya Dunia. Ndoto ya tiba ilibaki imewekwa kando. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya kurudi kwa sura nyingine.

Denver na ushindi ambao haukutarajiwa

Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 1991, Denver Nuggets ilimchukua akiwa chaguo la nne. Timu hiyo ilikuwa dhaifu, na mgeni huyo akawa nguzo yake mara moja. Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 16.6 na ribaundi 12.3 kwa kila mechi, yaani mipira inayonyakwa baada ya mtupo kukosa kikapu, na akateuliwa kucheza mechi ya nyota wa ligi.

Siku iliyomfanya ajulikane duniani ni Mei 7, 1994. Nuggets ilikuwa imeingia katika mechi za mchujo ikishika nafasi ya nane, ya mwisho, ikiwa imeshinda mechi 42 tu kati ya 82. Wapinzani wake walikuwa Seattle SuperSonics waliokuwa wameshinda 63 na kuongoza ligi nzima, wakiwa na Shawn Kemp na Gary Payton. Raundi hiyo ilikuwa ya mechi tano, na Seattle ilishinda mbili za mwanzo nyumbani. Wengi waliona kwamba yamekwisha.

Denver ilishinda ya tatu, kisha ya nne. Ya tano ilichezwa Seattle na ikaingia muda wa ziada, Denver ikaondoka na ushindi wa 98-94. Mutombo alizuia mitupo minane katika mechi hiyo, na 31 katika raundi nzima. Kipenga kilipolia alikuwa amelala chali sakafuni, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya uso wake, akicheka kama mtoto. Picha hiyo ilizunguka dunia. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya NBA kwa timu ya nafasi ya nane kuitoa ile ya nafasi ya kwanza.

Katika raundi iliyofuata Denver ilifungwa na Utah Jazz, lakini si kabla ya kutoka nyuma kwa mechi tatu bila na kuilazimisha Utah icheze mechi ya saba.

Kidole

Ni katika miaka hiyo ndipo Mutombo alipoanza tabia iliyokuwa nembo yake. Kila alipozuia mtupo, aliinua kidole cha shahada na kukipunga kulia na kushoto, kama mwalimu anayemkanya mwanafunzi. Ishara hiyo haikuhitaji mkalimani: hapa hupiti.

Ligi haikufurahia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waamuzi walielekezwa kumwadhibu mchezaji anayempungia mpinzani kidole usoni, wakiihesabu kuwa dhihaka. Mutombo akapata njia ya kuzunguka kanuni hiyo, akawa anakipunga kwa mashabiki badala ya mpinzani. Mwaka 2013, miaka minne baada ya kustaafu, kampuni moja ya bima ya Marekani ilimtumia katika tangazo la televisheni akiwapungia kidole watu wa kawaida madukani na ofisini, na kizazi ambacho hakikumwona akicheza kikamjua kwa tangazo hilo na kwa sauti yake nzito yenye mkwaruzo.

Miaka ya kuhamahama

Mwaka 1996, baada ya msimu ambao alizuia wastani wa mitupo 4.5 kwa mechi, alihamia Atlanta Hawks kwa mkataba wa miaka mitano. Jiji hilo likawa makao yake ya kudumu. Februari 2001 aliuzwa Philadelphia 76ers, timu ya mfungaji hodari Allen Iverson, na miezi minne baadaye wakafika fainali. Walishinda mechi ya kwanza nyumbani kwa Los Angeles Lakers, na hiyo ndiyo mechi pekee ambayo Lakers ilipoteza katika mechi zote za mchujo mwaka huo. Baada ya hapo Shaquille O'Neal, mzito na mwenye nguvu kuliko senta yeyote wa wakati wake, aliitawala fainali kwa wastani wa pointi 33. Lakers ikatwaa taji kwa mechi nne kwa moja.

Fainali ya pili ya Mutombo ilikuwa mwaka 2003 akiwa na New Jersey Nets, iliyofungwa na San Antonio Spurs. Alipitia New York Knicks kisha akatua Houston Rockets mwaka 2004, akiwa na kazi ya kumpumzisha Mchina Yao Ming.

Wengi walidhani huko anamalizia tu. Walikosea. Januari 2007 alimpita Kareem Abdul-Jabbar na kushika nafasi ya pili katika orodha ya wazuiaji wa nyakati zote. Machi mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 40, alinyaka ribaundi 22 dhidi ya Denver, timu yake ya kwanza. Mwaka uliofuata Rockets ilishinda mechi 22 mfululizo. Yao aliumia mguu baada ya ushindi wa 12, na mzee wa miaka 41 ndiye aliyesimama mahali pake katika ushindi kumi uliosalia.

Goti lake lilivunja safari hiyo Aprili 21, 2009 jijini Portland, katika mechi ya mchujo. Usiku huo huo alitangaza kwamba amefika mwisho.

Alikuwa amecheza mechi 1,196 za msimu wa kawaida, akiwa na wastani wa pointi 9.8, ribaundi 10.3 na mitupo 2.8 iliyozuiwa. Aliteuliwa mara nane kucheza mechi ya nyota. Alitajwa mlinzi bora wa mwaka mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Hakuwahi kuvaa pete ya ubingwa. Inafaa pia kukumbuka kwamba NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa katika msimu wa 1973-74 tu, kwa hiyo walinzi wa zamani kama Bill Russell na Wilt Chamberlain hawamo katika orodha anayoshika nafasi ya pili.

Mwaka 2015 aliingizwa katika Jumba la Watukufu wa mpira wa vikapu. Hawks na Nuggets ziliistaafisha jezi yake nambari 55, kwa maana kwamba hakuna mchezaji mwingine atakayeivaa katika timu hizo.

Kifo cha mama

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Congo iliingia katika vita vilivyomwondoa Mobutu Sese Seko madarakani mwaka 1997, na mwaka mmoja baadaye vita vingine vikubwa zaidi vikaanza. Ni katika kipindi hicho ambapo Biamba Marie alipatwa na kiharusi nyumbani kwake Kinshasa. Mitaa ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje. Familia ilishindwa kumfikisha hospitalini kwa wakati, na akaaga dunia.

Mwanawe alikuwa mmoja wa wanamichezo waliolipwa vizuri Marekani. Fedha zake hazikuweza kuifungua barabara moja ya Kinshasa usiku ule. Na hata kama barabara ingefunguka, mji huo wa mamilioni ya watu ulikuwa na hospitali chache, nyingi zikiwa kongwe na zisizo na vifaa.

Mwaka 1997 Mutombo alikuwa ameanzisha wakfu wenye jina lake, na ujenzi wa hospitali ukawa kazi yake kubwa. Haikuwa kazi nyepesi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2001, ujenzi wenyewe ukaanza mwaka 2004. Gharama ilifika dola milioni 29, na zaidi ya nusu, takriban dola milioni 15, zilitoka mfukoni mwake. Zilizosalia alizitafuta kwa wafadhili na wachezaji wenzake.

Mahali alipopachagua ni Masina, mtaa wa watu wa kipato cha chini viungani mwa Kinshasa, karibu na uwanja wa ndege. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, yenye vitanda 300, ilizinduliwa Septemba 2006 na kuanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Ilikuwa hospitali ya kwanza ya kisasa kujengwa katika eneo hilo kwa takriban miaka 40. Tangu hapo imewahudumia watu kwa mamia ya maelfu. Kijana aliyeondoka Kinshasa akasomee udaktari alirudi bila shahada ya tiba, lakini akiwa na wodi, maabara na chumba cha upasuaji.

Januari 23, 2007 Rais George W. Bush alimwalika katika hotuba yake ya kila mwaka mbele ya bunge la Marekani na kumtambulisha kwa wabunge, ambao walisimama na kumpigia makofi. Mutombo alikuwa amepata uraia wa nchi hiyo mwaka uliotangulia. NBA nayo ilimpa mara mbili, 2001 na 2009, tuzo ya mchezaji anayeitumikia jamii.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mutombo alicheza ugenini, akatunzwa huko, kisha tuzo akaipeleka kwao.

Bara zima

Ukarimu wake haukuanza na hospitali. Mwaka 1993 alizuru kambi za wakimbizi wa Kisomali kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1996, timu ya wanawake ya Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati huo, ilipofuzu kwa michezo ya Olimpiki ya Atlanta, ndiye aliyeigharamia sare na matumizi yake. Nyumbani, yeye na mkewe Rose waliwalea watoto wao pamoja na watoto wanne wa ndugu zake waliofariki.

Baada ya kustaafu NBA ilimfanya balozi wake wa kimataifa. Kwa miaka mingi alizunguka Afrika akifundisha katika kambi za vijana, na mwaka 2021 alikuwa miongoni mwa wawekezaji wa kampuni ya NBA Africa. Mwaka huo huo Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Afrika (BAL) ilianza kuchezwa jijini Kigali. Kwa mashabiki wa Kenya matunda ya ligi hiyo yalionekana mwaka 2025, pale Nairobi City Thunder ilipokuwa klabu ya kwanza ya nchi hii kushiriki. Mwaka 2021 pia ilifunguliwa shule karibu na Mbuji-Mayi, mkoani Kasai Oriental, iliyopewa jina la babake. Hivyo mama akawa na hospitali na baba akawa na shule.

Picha haikukosa doa. Mwishoni mwa mwaka 2011 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakichunguza biashara ya madini mashariki mwa Congo walilitaja jina lake katika ripoti yao kuhusu jaribio la kununua dhahabu. Mpango huo ulivunjika baada ya ndege kuzuiliwa mjini Goma. Hakushtakiwa, lakini tukio hilo lilionyesha jinsi ilivyo vigumu hata kwa mtu mwenye sifa njema kuigusa mali ya nchi hiyo bila kujichafua mkono.

Mwisho na urithi

Oktoba 2022 NBA ilitangaza kwamba Mutombo alikuwa akitibiwa uvimbe kwenye ubongo jijini Atlanta. Aliugua kwa takriban miaka miwili. Mwanawe Ryan, naye senta, alikuwa amekwisha kufuata nyayo zake hadi kwenye timu ya Georgetown.

Leo senta kutoka Afrika si jambo la ajabu katika NBA. Joel Embiid wa Cameroon aliteuliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Mutombo alipowasili Washington mwaka 1987, Waafrika katika ligi hiyo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na maskauti walikuwa bado hawajaanza kupanga foleni Dakar wala Yaoundé.

Rekodi za uwanjani huvunjwa. Mwaka 2024 Mfaransa Rudy Gobert alimfikia kwa tuzo nne za mlinzi bora, na huenda siku moja mwingine akaivuka mitupo 3,289. Masina haina orodha ya namna hiyo. Mgonjwa anayefikishwa pale usiku akiwa na kiharusi hupata mlango ulio wazi, na mlango huo una jina la mwanamke ambaye hakuupata.